Mji Uliokuwa Kazini: Albert Baertsoen na Huzuni ya Gent

Wanaoandika historia ya sanaa ya Ubelgiji wamezoea kumweka Albert Baertsoen katika kundi moja na washairi na wachoraji wa "miji iliyokufa", na sababu yao haihitaji kutafutwa mbali. Baertsoen alizaliwa Gent mwaka 1866 na akafia hukohuko mwaka 1922. Katikati ya tarehe hizo mbili alichora, kwa rangi za mafuta na kwa sindano juu ya bamba la shaba, mifereji yenye maji mazito, kuta kuukuu zinazoinamia maji hayo, matishari yaliyofungwa gatini, theluji iliyokwisha kuchafuka, na jioni ambazo ndani yake hapiti mtu. Mtazamaji akizitazama haraka huona simanzi tupu, kisha hukumbuka kwamba zama zilezile Ubelgiji ilikuwa na mtindo mzima wa kuhuzunikia miji ya kale, akafunga mjadala. Mimi naona mjadala umefungwa mapema mno. Huzuni ya Baertsoen haikutoka katika mji uliokufa. Ilitoka katika mji uliokuwa kazini kutwa kucha, na watu wasioonekana kwenye barabara zake walikuwa na mahali walipokuwa. Anayeusoma utupu ule kama ndoto ya mshairi anakosa sehemu kubwa ya alichokiona mchoraji.

Mtindo wenyewe ulikuwa na mwanzo unaojulikana. Mwaka 1892 Georges Rodenbach, aliyekulia Gent lakini wakati huo akiishi Paris, alichapisha riwaya iitwayo Bruges-la-Morte. Ni kisa cha mgane anayehamia Brugge kwa sababu ukimya wa mji unafanana na msiba wake, na kitabu kilipambwa kwa picha za kamera zenye mifereji na minara isiyo na watu. Mchoro wa mwanzoni mwa kitabu ulitengenezwa na Fernand Khnopff, ambaye utoto wake aliupitia Brugge. Mwaka 1904 Khnopff huyo alirudi kwenye mada hiyo kwa michoro kadhaa, mmoja ukiwa ule maarufu unaoonyesha uwanja wa mji ukiingiliwa na bahari, na msingi wa sanamu ukiwa umebaki bila sanamu yake. Husimuliwa kwamba alipolazimika kupita Brugge ukubwani alivaa miwani myeusi ili asiuone mji ulivyogeuka. Iwe kweli au chumvi, hadithi hiyo inamweleza vizuri, kwani alichora kutoka kwenye picha za vitabu na kumbukumbu za utotoni, naye hakuwa na haja ya mji uliokuwa mbele yake. Wenyeji wa Brugge walikuwa na maoni mengine. Walikuwa wakijenga bandari mpya ya Zeebrugge, iliyozinduliwa mwaka 1907, na hawakufurahi hata kidogo kuitwa maiti. Rodenbach alipofariki, kumbukumbu yake iliyochongwa na George Minne haikusimamishwa Brugge. Ilisimamishwa Gent, mwaka 1903.

Gent haikuweza kuitwa maiti hata na mshairi mwenye bidii. Mwishoni mwa karne ya 18 mfanyabiashara Lieven Bauwens aliitorosha kutoka Uingereza mitambo ya kusokota pamba, vipande vipande, ikiwa imefichwa ndani ya shehena za bidhaa, na katika kizazi kimoja mji wa watengeneza nguo wa zama za kati ukawa mji wa mvuke. Watu waliuita Manchester ya bara. Hata ngome ya watawala wa Flandria, ile Gravensteen ambayo watalii wa leo huipiga picha kana kwamba haijaguswa tangu karne ya 12, ilifanywa kiwanda cha pamba mapema katika karne ya 19, vibanda vya wafanyakazi vikibanana ndani ya kuta zake, hadi ilipokarabatiwa na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1907. Wafanyakazi waliishi katika vichochoro vilivyofungwa, safu za vyumba zilizojengwa nyuma ya nyumba nyingine na kupata njia moja tu ya kuingilia, mara nyingi zikitegemea pampu moja ya maji. Katika mwaka uleule aliozaliwa Baertsoen, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 40,000 nchini Ubelgiji, na Gent ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia vibaya. Kichochoro kilichojulikana kwa ubaya kuliko vyote, Batavia, kilibomolewa baadaye na mahali pake pakajengwa jengo la chuo kikuu lenye nguzo za fahari. Kufikia mwaka 1900 mji ulikuwa na watu wapatao 160,000, ushirika wa Vooruit uliokuwa ukiwaokea wafanyakazi mkate tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880, na kumbukumbu mbichi ya mgomo mkuu wa Aprili 1893 wa kudai haki ya kupiga kura.

Baertsoen aliyajua haya kutokea upande wa mezani. Familia yake ilikuwa ya matajiri wenye viwanda vya nguo, na hakuwahi kulazimika kuuza mchoro ili ale. Alisoma Gent chini ya Gustave Den Duyts, mchoraji wa jioni za kijivu za majira ya baridi, na chini ya Jean Delvin. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1880 akaenda Paris kwenye karakana ya Alfred Roll. Jina hilo la Roll hutajwa kwa mstari mmoja katika wasifu wake kisha likaachwa, ilhali inafaa tusimame hapo kidogo. Mwaka 1880 Roll aliushtua umma wa Paris kwa turubai kubwa la mgomo wa wachimbaji makaa, lenye wake na watoto wamekaa chini wakisubiri na askari wakiwa karibu. Kijana wa mwenye kiwanda aliyeondoka Ubelgiji muda mfupi baada ya Machi 1886, mwezi ambao askari waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma katika maeneo ya Liège na Charleroi, aliingia darasani kwa mtu huyo. Sidai kwamba alirudi nyumbani akiwa mwanamapinduzi. Hakuna kinachoonyesha hivyo. Ila ni vigumu kuamini kwamba alirudi akiwa haoni.

Tuanze na saa, maana hoja yangu inasimama hapo. Michoro yake mingi inayosifiwa ni ya jioni, na mingi ni ya majira ya baridi. Wanaoitafsiri kwa macho ya Rodenbach huichukua jioni hiyo kama mwisho wa mambo, wakati wa sala na kumbukumbu. Lakini jioni ya Gent ina saa yake. Tangu mwaka 1892 saa za Ubelgiji zilifuata majira ya Greenwich, na kwa saa hizo jua la Desemba huko huzama kabla ya saa kumi alasiri. Siku ya kazi katika viwanda vya nguo ilikuwa ya saa kumi na moja hivi, wengine wakipitisha hapo, ikianza gizani asubuhi na kuisha gizani usiku. Kwa hiyo mwanga wa mwisho ulipokuwa ukiondoka juu ya maji, maelfu ya wanaume, wanawake na vijana walikuwa bado mbele ya mashine, wakiwa na saa kadhaa za kumaliza. Watoto wa chini ya miaka 12 walikuwa wamekatazwa kazi ya kiwanda na sheria ya mwaka 1889 tu. Gati tupu la saa kumi alasiri katika mji wa aina hiyo si gati lililoachwa na historia. Ni gati la siku ya kawaida ya juma. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya mwenye kiwanda, ambamo ratiba ya kengele na mishahara ilikuwa mazungumzo ya chakula, hakuhitaji kuelezwa kwa nini hapakuwa na mtu.

Ushahidi wa pili uko majini. Baertsoen alikuwa na mashua aliyoigeuza karakana, akasafiri nayo kwenye mito na mifereji ya Flandria hadi Zeeland upande wa Uholanzi, na michoro yake mingi inauona mji kutoka usawa ambao mabaharia wa mito waliuona: kuta zimepanda juu, mbingu imebanwa, na maji yamechukua nusu ya turubai. Yaliyomo katika maji hayo ni matishari. Mtalii aliyekuja kutafuta Flandria ya kale angeomba yasogezwe pembeni, kwani yanaziba nyumba nzuri; Baertsoen anayaweka mbele. Matishari ndiyo yaliyoleta makaa ya mawe ya kusini kupitia mto Schelde ili mitambo ya Gent izunguke, na ndani yake ziliishi familia nzima. Katika mchoro wake wa mwaka 1901 wa matishari yaliyofunikwa na theluji, ulioko katika makumbusho ya kifalme ya Brussels, wengi wameona utulivu. Mtu wa mto angeona hasara. Theluji isiyoguswa juu ya shehena maana yake chombo hakijasogea, na katika majira ambayo mifereji huganda, mwenye tishari halipwi na kiwanda kinachosubiri makaa kinaanza kuhesabu siku. Ukimya uliomo ni wa kazi iliyokwama, nao una uzito tofauti kabisa na ukimya wa kanisa.

Kuna pia wasokota kamba wa Nieuwpoort, mji mdogo wa pwani aliouchora na kuuchonga mara kwa mara katika miaka ya 1890. Hapa watu wapo. Wanarudi kinyumenyume juu ya ukuta wa zamani wa mji, kama kazi yao inavyotaka, nyuzi zikirefuka mbele yao, na mwanga umeshuka. Ukitaka mji uliokufa, Nieuwpoort ungefaa kuliko wote, kwa kuwa biashara yake ya zamani ilikuwa imekwisha na kuta zake za ulinzi hazikuwa na adui. Baertsoen anakwenda hadi pale, anapanda juu ya ukuta huo, na anachochora ni watu wakitumia masalio ya vita vya kale kama eneo la kazi kwa sababu ni refu na limenyooka. Kwangu mimi hakuna mchoro mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi umbali uliopo kati yake na Khnopff.

Hata namna ya kutengeneza michoro ya shaba inasaidia hoja hii, ingawa hapa napita kwa tahadhari. Bamba hupakwa nta, mchoraji akakwaruza nta hiyo kwa sindano, kisha bamba likatumbukizwa katika tindikali inayokula shaba palipokwaruzwa. Baadaye wino hujazwa katika mifereji hiyo midogo na karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake chini ya mashine. Weusi haupakwi, unajengwa mstari kwa mstari, na mahali ambapo wino haukufutwa vizuri hubaki ukungu. Wachoraji wengi wa zama hizo walitumia ukungu huo kuficha vitu. Baertsoen huwa mkaidi zaidi. Kuta zake zina viraka, mabomba ya maji machafu, mbao zilizooza, ngazi za kushukia gatini. Jengo katika mchoro wake limechakaa kwa kutumika. Katika miaka ileile halmashauri ya Gent ilikuwa ikibomoa nyumba kuzunguka makanisa na mnara wa mji ili maonyesho ya dunia ya mwaka 1913 yakute mji wa zama za kati uliosafishwa, wenye nafasi ya kupigia picha. Gent ya kadi za posta, yaani ile ya kale na tukufu, ilikuwa mpya. Iliyochakaa, ile ya michoro yake, ndiyo iliyokuwa halisi.

Pingamizi kubwa zaidi ni la kitabaka, na halifai kupuuzwa. Mtu anaweza kusema: kama alijua walipo wafanyakazi, kwa nini hakuingia kiwandani akawachora? Constantin Meunier aliwafanya wachimbaji na wafua chuma kuwa mashujaa wa shaba. Jules De Bruycker, mwenyeji wa Gent aliyezaliwa mwaka 1870, mtoto wa fundi wa mapazia na viti, alianza kuchonga mabamba karibu na mwaka 1905 na akaijaza Gent ileile watu hadi pumzi ikakata: wachuuzi, walevi, vikongwe, watazamaji waliobanana kwenye viti vya bei rahisi vya ukumbi wa maigizo. Kwa hiyo utupu wa Baertsoen ulikuwa uamuzi, tena uamuzi wa mtoto wa tajiri aliyeona ni starehe zaidi kuhuzunikia kuta kuliko kuwatazama usoni watu waliomtajirisha baba yake. Nakubali nusu ya shitaka. Hakuwa na ukaribu wa De Bruycker na hakuwa na msimamo wa Meunier, na anayemtafuta mtetezi wa wafanyakazi atafute kwingine. Lakini shitaka hilo lenyewe linakiri kwamba watu walikuwapo na kwamba kutoonekana kwao kuna maana ya kijamii, nalo linavunja kabisa dai la mji uliokufa. Huwezi kumlaumu mtu kwa kuwaficha watu wasiokuwapo. Nadhani pia kuna uaminifu fulani katika alichokifanya. Mwenye kiwanda huwaona wafanyakazi kama idadi na kama saa. Anachokiona kwa macho yake, akitembea jioni, ni mji ambao umewameza. Baertsoen alichora hasa kile ambacho nafasi yake ilimruhusu kukiona, bila kujifanya yuko mahali pengine.

Pingamizi jingine ni la soko. Huzuni ya Flandria ilikuwa ikinunulika Paris; serikali ya Ufaransa ilinunua kazi yake kwa ajili ya makumbusho ya Luxembourg, na wahakiki wa huko walipenda ukungu. Ni kweli, na tena ilifaa kwa sababu ambazo hazikusemwa. Ubelgiji ya mwaka 1900 ilikuwa miongoni mwa nchi zenye viwanda vingi kuliko zote duniani kwa ukubwa wake, na mfalme wake, Leopold II, alikuwa akiipamba Brussels kwa fedha za mpira wa Kongo, likiwamo lile tao kubwa la Cinquantenaire lililokamilika mwaka 1905. Wasomaji wa Lubumbashi na Bukavu wanaijua gharama ya tao hilo. Nchi ya aina hiyo ilipata faraja kujitazama kama mahali pa mabata maji na kengele za watawa. Ila mnunuzi kupenda kitu kwa sababu yake hakumfungi mtengenezaji. Baertsoen hakuwa mtu wa kubanwa na soko, maana alikuwa na fedha zake, na uthibitisho ni kwamba katika miaka iliyotangulia Vita Kuu aliliacha lile lililopendwa akaenda Liège. Huko alichora kingo za mto Meuse zenye viwanda, dohani na vilima vya mabaki ya migodi. Kwa nadharia ya mji uliokufa, hatua hiyo haielezeki, na ndiyo maana wasifu wake mwingi huipita haraka. Kwa nadharia ninayoitetea ni hatua ya kawaida: alikuwa akiyafuata matishari hadi kwenye nchi ya makaa yenyewe.

Kilichoiimarisha ile tafsiri ya zamani, naona, ni vita. Mwezi Agosti 1914 Wajerumani waliivamia Ubelgiji, na Baertsoen akawa mmoja wa wasanii wengi waliokimbilia London, pamoja na rafiki yake Emile Claus na De Bruycker. Alikaa huko hadi vita vilipokwisha, akichora mto Thames, madaraja yake na vyombo vyake vya mizigo. Hata uhamishoni alirudi kwenye maji yenye kazi. Nyuma yake, mwishoni mwa Oktoba 1914, milango ya maji ya Nieuwpoort ilifunguliwa makusudi ili bahari ifurike bonde la Yser na kulizuia jeshi la Ujerumani. Mstari wa mapigano ukaganda pale kwa miaka minne. Nieuwpoort na Diksmuide zilibaki kifusi. Amani iliporudi, watazamaji walisimama mbele ya michoro ya kuta na gati za Nieuwpoort na hawakuweza tena kuiona kama michoro ya kazi. Mji uliochorwa haukuwapo. Jina la "mji uliokufa", ambalo mwaka 1895 lilikuwa pozi la kifasihi, mwaka 1919 likawa taarifa. Likarudishwa nyuma na kupewa kazi zote za Baertsoen, zile za Gent zikiwamo, ingawa Gent ilinusurika na viwanda vyake vilikuwa vikijiandaa kuwasha moto upya.

Miaka mitatu baadaye Baertsoen alifariki, na Delvin, mwalimu wake, alifariki mwaka uleule wa 1922. Delvin alikuwa amemfundisha pia, katika chuo cha sanaa cha Gent, kijana aliyeitwa Frans Masereel. Mwaka 1925 Masereel alitoa kitabu cha michoro 100 iliyochongwa kwenye mbao kuhusu mji mkubwa wa kisasa, bila neno hata moja la maelezo. Humo malango ya viwanda yako wazi, watu wanamwagika, na barabara hazipitiki. Sina haja ya kudai kwamba Masereel alijifunza kwa Baertsoen, maana aliyemsaidia katika uchongaji wa mabamba alikuwa De Bruycker. Ninachosema ni kwamba wote walikulia kando ya maji yaleyale na kengele zilezile za kiwanda, na kwamba mchoro wa matishari wa mwaka 1901 unaeleweka vizuri zaidi ukitundikwa karibu na kitabu hicho kuliko ukitundikwa karibu na uwanja wa Khnopff uliomezwa na bahari.